Ajira Portal, chuo cha kanisa au mradi wa utafiti? Kwa anayetafuta kazi ya chuo akiwa Mwanza

Binti wa shangazi yangu kamaliza digrii ya sayansi ya maabara, GPA 3.6, karudi nyumbani Buzuruga na bahasha yake ya vyeti na tangu amefika swali ni hilohilo, "Kaka, nitupie wapi?" Mezani ana matangazo matatu. La kwanza chuo kikuu cha serikali kinataka mkufunzi msaidizi, wale tunaowaita TA, maombi kupitia Ajira Portal. La pili chuo cha kanisa hapahapa mjini. La tatu mradi wa utafiti unatafuta mtafiti msaidizi wa kuzunguka vijijini na tableti kwa miezi 18. Shangazi anataka serikali na hataki kusikia kingine, mume wake anasema chuo cha kanisa unalala nyumbani na nauli ni ya daladala tu, na binti mwenyewe roho iko kwenye mradi kwasababu rafiki yake yuko huko na kila akija anakuja na simu mpya.

Mi nimepita zote tatu kwa nyakati tofauti, mradi miaka minne, pati taimu ya kufundisha chuo binafsi mihula miwili, na sahivi niko serikalini upande wa uendeshaji sio uhadhiri. Kwaiyo sina wa kumpigia debe hapa.

Tunapima kwa vitu gani

Watu wengi wanaanza na jina la chuo. Mi naomba uanze na swali ambalo HR hatakwambia usipouliza: mshahara wa hiyo nafasi unatoka mfuko gani? Mifuko ni mitatu tu. Kuna Hazina, kuna ada za wanafunzi, na kuna hela ya mfadhili. Ukishajua mfuko, mengine karibu yote unayajua hata kabla hujaambiwa, yani kwanini tangazo lilikaa miezi, kwanini mkataba ni wa mwaka mmoja, kwanini mwezi wa kumi mshahara ulichelewa. Na usidanganyike na bango la getini. Kwenye taasisi kama NIMR, ile ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, unaweza kukuta watu wawili meza moja, mmoja kaajiriwa na serikali moja kwa moja na alipitia Ajira Portal, mwenzake yuko chini ya mradi na mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Geti lao ni hilohilo, ila mifuko ni miwili tofauti.

Baada ya mfuko ndo tunaangalia: inapatikanaje, kigezo ni nini, hela inayobaki mkononi, kusoma na kupanda, halafu inamfaa nani. Na kumbuka chuo sio wahadhiri peke yao. Kuna mafundi wa maabara, wakutubi, watu wa TEHAMA, wahasibu, udahili, ununuzi, madereva. Watu wanasahau hizi nafasi wanang'ang'ania TA, wakati GPA yao haipiti hata mlangoni.

Chuo cha serikali (mfuko wa Hazina)

Kuipata. Chuo hakijiamulii tu kuajiri, kinasubiri kibali, kibali kikitoka tangazo linapita Sekretarieti ya Ajira, we unaomba kwenye Ajira Portal na sio kwa kupeleka barua kwa mtu. Portal ni mashine, haina huruma. Inataka namba ya NIDA, inataka nakala za vyeti zilizogongwa muhuri na mwanasheria, cheti cha kuzaliwa, wadhamini watatu, barua iliyosainiwa. Ile karatasi ya matokeo ya form four au form six hawaipokei, wanataka cheti chenyewe. Umri usizidi 45 kama hauko tayari serikalini, na kama uko serikalini barua yako ipitie kwa mwajiri wako. Umesoma nje? Digrii yako ipite TCU kwanza, ile Tume ya Vyuo Vikuu.

Sasa kuna jambo linatumaliza sisi wa huku Kanda ya Ziwa na nalisema kwa uchungu: majina. Jina limeanza na Ng'w, cheti cha darasa la saba mwalimu kaandika Ngw, form four limekuwa Mgw, NIDA wamerudisha Ng'w na kale kapostrofi kake. Kwa macho ya mtu ni jina hilohilo, kwa mfumo hao ni watu watatu. Rekebisha kabla ya tangazo kutoka, nenda kwa mwanasheria mapema ujue unahitaji kiapo au hati ya kubadili jina, sio siku mbili kabla ya dedilaini halafu unaanza kumlaani aliyekuandikisha shule.

Ukipita karatasi kuna mchujo wa kuandika, kwa kada za maabara na nyingine za mikono kuna usaili wa vitendo, mwisho mahojiano ya ana kwa ana. Mahojiano yanaweza kuwa Dodoma, ofisi za Sekretarieti ziko majengo ya Dkt. Asha Rose Migiro pale UDOM, kwaiyo weka pembeni nauli ya basi kutoka stendi ya Nyegezi na hela ya kulala, na ujue unaweza kwenda mara mbili. Halafu unasubiri mkeka, yani orodha ya majina ya walioitwa kazini. Unaweza kufaulu usikute jina lako kwasababu nafasi zilikuwa tatu na we ni wa nne, hapo unaingia kanzidata ya waliofaulu na nafasi ikitokea wanakuvuta bila usaili mwingine. Kuna niliofanya nao kazi walikata tamaa kabisa, wakaanza biashara ya dagaa Kirumba, siku moja simu ikaita.

Na simu ikiita ikataka hela ya "kufungulia faili", kata. Hakuna faili la kufunguliwa.

Kigezo. Kwa TA ni GPA ya kuanzia 3.5 kwenye 5. UDSM wanataka 3.8. Mhadhiri msaidizi unatakiwa masta yenye 4.0 na digrii ya kwanza isiwe chini ya hiyo 3.5, na mhadhiri kamili ni PhD. Hapa hakuna cha koneksheni, una 3.4 umekwama kwa uanataaluma hata baba yako awe nani. Kwa binti yetu mwenye 3.6 maana yake UDSM asahau kwa sasa, vingine aombe. Upande wa uendeshaji hawakubani kwa GPA namna hiyo, wanaangalia fani na usajili wako kwenye baraza kama kada yako inalo.

Hela. Wanataaluma wana ngazi zao za mshahara zinaitwa PUTS, mshahara wako ni ule wa ngazi yako na hakuna cha kuongea bei. Makato: pensheni ya PSSSF 5% yako na mwajiri anaweka 15%, bima ya afya 3%, kodi, na kama ulisoma kwa boom basi bodi ya mikopo inachukua 15% ya mshahara wa msingi. Hiyo ya mkopo inakufuata popote utakapoajiriwa, isiwe sababu ya kukimbia serikali. Ukitoa vyote hivyo kinachobaki ni cha kawaida ila kinakuja, na benki zinakupenda.

Kusoma na kupanda. Hapa ndo serikali inawapiga wenzake bao. TA ni nafasi ya mafunzo, unategemewa uende masta halafu PhD, na ruhusa ya kusoma ipo kwenye utaratibu. Baada ya hapo unapanda kwa machapisho na miaka, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Foleni ni ndefu lakini inaonekana. Mhasibu au mtu wa maabara pia anapanda ila ngazi zake ni fupi zaidi na wahadhiri watakuchukulia kama mtu wa kuwaletea funguo, hilo nalo lijue mapema.

Watu wanasema serikalini lazima uhame Mwanza. Sio lazima sana. Hapa mjini kuna matawi ya IFM, CBE, TIA, kuna kampasi ya DIT, kuna kituo cha Chuo Kikuu Huria. Hivi ni vya kufundisha zaidi kuliko utafiti, nakubali. Lakini mradi wa HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, umeleta kampasi mpya kuzunguka ziwa, UDSM Bukoba, Ardhi upande wa Sengerema, na Chuo cha Kilimo cha Mwalimu Nyerere Butiama nacho kimo. Na Sengerema ya sahivi sio ile ya kulala Kigongo unasubiri kivuko, daraja limefunguliwa Juni 2025, unavuka ukiwa umekaa kwenye gari.

Inamfaa nani. Mwenye GPA, mwenye subira, asiye na wategemezi wanaolia njaa leo.

Chuo cha kanisa (mfuko wa ada)

Kuipata. Mwanza tunavyo viwili vikubwa, vyote vya Baraza la Maaskofu Katoliki: SAUT kule Malimbe, chuo kikuu tangu 1998 ingawa chuo cha Nyegezi kilianza 1960, na CUHAS mlimani Bugando kilichoanza 2003 kwa udaktari na fani za afya. Matangazo wanatoa wenyewe, tovuti ya chuo na mbao zao, maombi yanakwenda moja kwa moja chuoni. Hakuna mfumo wa kukukataa saa sita usiku, kuna binadamu anasoma barua yako. Hilo lina pande mbili: binadamu anaweza kuelewa kwanini cheti chako kimechelewa, na binadamu huyohuyo anaweza kuiweka bahasha chini ya bahasha nyingine. Ukipeleka kwa mkono beba nakala, wagonge muhuri wa kupokea.

Huku pia ndo mahali ambapo kujulikana kunasaidia kihalali. Kama ulisoma hapo, ulikuwa unamsaidia mhadhiri mazoezi ya maabara, jina lako linatajwa kwenye kikao. Kujitolea muhula mmoja kumewaingiza wengi. Kumewachosha wengine pia, mtu anajitolea miaka miwili anaambiwa "tunakuangalia".

Kigezo. Wengi wanadhani huku GPA inalegezwa. TCU ni ileile kwa vyuo vyote, 3.5 kwa TA na 4.0 kwa masta ya mhadhiri msaidizi. Wanachoongeza ni mwenendo, na sio lazima uwe Mkatoliki kufundisha, ila tegemea misa kwenye ratiba ya chuo na usishangae ukiulizwa barua ya kiongozi wako wa dini.

Hela. Mfuko ni ada, kwaiyo mshahara unafuata kalenda ya wanafunzi. Mihula ikianza hela ipo, katikati panakauka, na mwaka udahili ukishuka kila mtu anaongea kwa sauti ya chini. Mi chuo kimoja, sio lazima nikitaje wala sio lazima kiwe cha kanisa, nilipiga vipindi vya pati taimu wakanilipa baada ya miezi saba na waliponilipa walisahau hela ya kusahihisha mitihani wakanihesabia vipindi tu. Sisemi vyote viko hivo, nasema kabla hujasaini tafuta mtu anayefanya kazi hapo umnywee chai umuulize mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi. Tarehe, sio kiasi. Kiasi atakudanganya kwa aibu, ila tarehe atakwambia.

Pensheni huku ni NSSF, mara nyingi unakatwa 10% na mwajiri anaongeza 10. Angalia hiyo ukilinganisha na serikali: mshahara ukilingana kwenye karatasi, mkononi haulingani. Na kagua michango inapelekwa kweli, taarifa yako ya NSSF unaiona kwenye simu.

CUHAS ina upekee. Wanafunzi wake wanajifunzia hospitali ya Bugando, na Bugando ni ya kanisa ila serikali imekuwa ikilipa mishahara ya watumishi wengi pale kwa makubaliano ya muda mrefu. Kwaiyo kwenye kilima kimoja mifuko yote mitatu inagongana, Hazina, ada, na wafadhili wa utafiti. Kwa mtu wa maabara au daktari anayetaka kufundisha na kutafiti bila kuhama Mwanza, sioni kilima kingine.

Kusoma na kupanda. Wanapeleka watu kusoma, kwa mkataba wa kurudi kutumikia. Soma hicho kipengele vizuri, miaka mingapi na ukiondoka unarudisha nini. Kupanda kunaweza kuwa haraka kuliko serikalini kwasababu watu ni wachache, ila uchache huohuo ndo unakupa vipindi vingi hadi utafiti unafanya usiku wa manane.

Inamfaa nani. Mwenye familia hapa mjini, anayependa kufundisha kweli, aliyesoma hapo, na mwenye akiba ya miezi miwili mitatu.

Mradi wa utafiti (mfuko wa mfadhili)

Kuipata. NIMR Mwanza, MITU ambayo ni ushirika wa NIMR na London School of Hygiene & Tropical Medicine, TAFIRI kwa mambo ya samaki, TARI Ukiriguru kule Misungwi kwa pamba, na miradi iliyo ndani ya CUHAS yenyewe. Tangazo linatoka leo, dedilaini wiki mbili, usaili wiki inayofuata, mwezi ujao uko kazini. Hiyo spidi ndo inayowachanganya vijana, mtu anasubiri mkeka mwaka mzima halafu anaona huku kitu kimeisha ndani ya wiki sita.

Kigezo. Huku GPA haiulizwi sana. Wanauliza unaweza nini. Una cheti cha GCP, yani taratibu za utafiti wa tiba kwa binadamu? Kipo mtandaoni bure, kifanye wikendi hii. Umewahi kukusanya data kwa ODK au REDCap? Una leseni ya pikipiki? Na kitu ambacho watu wa huku wanakidharau: Kisukuma. Bibi wa Magu hatajibu maswali 60 ya afya ya uzazi kwa Kiswahili cha redioni, wewe unayeweza kumwambia mwangaluka ukasikiliza jibu hadi mwisho una thamani kuliko mwenye 4.2 anayehitaji mkalimani. Visiwani Kikerewe na Kijita hivohivo. Andika kwenye CV, juu, sio mwisho kabisa kwenye mapendeleo.

Hela. Kwa kiwango cha kuanzia mradi mara nyingi unazidi vyuo vyote viwili, na kuna posho ya fildi juu. Sasa ile simu mpya ya rafiki yake binti ni posho hiyo. Lakini mradi una tarehe ya kufa iliyoandikwa. Mkataba wa muda ukifika mwisho umeisha wenyewe, hufukuzwi wala hulipwi kwa kufukuzwa, unakabidhi tableti. Na wakati mwingine haufiki hata hiyo tarehe: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kuna wenzangu wa zamani waliambiwa Ijumaa wasije Jumatatu, mmoja kapanga nyumba Nyegezi kalipia mwaka mzima wiki moja kabla. Hakuna aliyefanya kosa Mwanza, kalamu ilisainiwa ng'ambo.

Upande wa pili sio kila mradi ni wa kupita. Kule Kisesa, njia ya kwenda Musoma, utafiti wa kufuatilia jamii umeanza 1994 na kuna waliozeekea mle, mkataba baada ya mkataba. Kwaiyo uliza: mradi huu umeanza lini, fedha imethibitishwa hadi lini, na waliokuwa kwenye uliopita wako wapi leo. Hayo matatu yatakwambia kuliko kiasi cha mshahara. Halafu NSSF uhakikishe ipo, na likizo ya siku 28 kwa mwaka ni haki ya sheria ya ajira ya 2004, bosi asikwambie wa mkataba hawana likizo.

Kusoma na kupanda. Ngazi hakuna, kuna milango. Ukiwa makini unaingizwa kwenye machapisho, unajulikana na watafiti wa nje, miradi mingine inalipia masta na hata PhD. Kazi yenyewe pia ina uzito wake, ule utafiti wa chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, uliofanyika hapahapa Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ni mmojawapo uliosaidia kuonyesha dozi moja inaweza kutosha, na 2024 Tanzania ikaanza kutoa dozi moja. Kuna watu walibeba vile viboksi vya baridi kwenye vumbi ambao majina yao hayako popote, ila wao wanajua. Ukizubaa lakini, miaka sita inapita we bado ni mkusanya data, umri unasogea kwenye ile 45 na hujawahi kufungua akaunti ya Ajira Portal.

Inamfaa nani. Asiyeogopa fildi, mwenye nidhamu ya kuweka akiba, anayetaka kujua kama utafiti anaupenda kabla ya kuuoa.

Kwa hali yako

Una 3.8 kwenda juu na nyumbani hawakutegemei: serikalini kwanza, mikoa yote, usichague Mwanza. Una kati ya 3.5 na 3.8: omba serikalini na chuo cha kanisa kwa wakati mmoja, sio dhambi, atakayekuita kwanza kaa naye huku kanzidata inakusubiri.

Uko chini ya 3.5 na unautaka uhadhiri: digrii ya kwanza hairekebishiki hata ukipata masta ya 4.5, kwaiyo usipoteze miaka kwenye matangazo ya TA. Geukia uendeshaji wa chuo au mradi, na utafiti utaufanya kutokea huko.

Una watoto na kodi ya nyumba: angalia tarehe ya mshahara kabla ya kiasi. Mradi wenye fedha iliyothibitishwa miaka mitatu unaweza kuwa salama kuliko ajira ya kudumu ya mfuko unaokauka katikati ya muhula. Una miaka 40 na zaidi na hujawahi kuwa serikalini: portal leo, sio kesho. Uko serikalini tayari umechoka halmashauri unataka chuo: njia ipo ila inaanzia kwa mwajiri wako, ukiruka barua yake umekwama.

Binti wa shangazi alichagua hivi. Akaunti ya portal tumeijaza jioni moja hapo Buzuruga, jina limegoma mara mbili, tumeenda kwa mwanasheria likakubali. Barua ya chuo cha kanisa tumeipeleka kwa mkono na nakala yetu ina muhuri. Mradi ndo uliojibu kwanza, miezi 18, na usaili wake nusu ulikuwa kwa Kisukuma. Jumatatu anaanza Magu. Shangazi bado hajafurahi, ila kamnunulia viatu vya mvua.